Ruzuku kwa Miradi ya Usawa na Utafiti wa Kijamii: Mwongozo Kamili, Kuanzia Wazo hadi Ripoti

Kikundi kikishapata wazo zuri, swali la kwanza linalozuka kikaoni huwa, "Nani anatoa hela?" Nimeona miezi mingi ikipotea kwa sababu ya swali hilo. Mtu mmoja anarudi na orodha ya wafadhili mia, andiko lile lile linatumwa kwa wote, kisha kimya. Swali linalofaa ni hili: nani amekwisha kulipia kazi inayofanana na yetu, kwa kikundi chenye ukubwa kama wetu, katika miaka michache iliyopita? Jibu lake lipo, tena bure, na nitaonyesha namna ya kulichimbua. Nitakaa pia kwenye bajeti kwa kirefu, maana mradi unaosema unapigania usawa hujulikana kwa kuangalia nani analipwa na nani anaombwa ajitolee.

Hatua ya 1: Wazo liingie kwenye ukurasa mmoja

Tuchukue mfano mmoja twende nao. Kikundi cha viziwi kimegundua kwamba wajawazito viziwi wengi wanakwenda kliniki mara moja, hawarudi. Wanakikundi wanataka jambo hilo lieleweke na libadilike.

Hapo pana miradi minne iliyobanana kwenye sentensi moja. Kuchunguza kwa nini hawarudi ni utafiti. Kuweka wakalimani wa lugha ya alama kliniki ni huduma. Kudai sera ibadilishwe ni utetezi. Viziwi wenyewe kukusanya taarifa, kuzichambua na kuamua zitumikeje, huo ni utafiti shirikishi. Kila mmoja una wafadhili wake. Wanaolipia utafiti mara nyingi hawalipii huduma, na taasisi binafsi za ufadhili za Marekani zinabanwa sana na sheria katika kugharamia ushawishi wa kutunga au kubadili sheria. Chagueni ulio shina. Mingine iwe matawi, au isubiri awamu ya pili.

Kisha andikeni ukurasa mmoja: tatizo kwa maneno ya wanaoliishi, swali, nani atafanya nini, muda, kiasi kinachohitajika, na kitakachokuwa tofauti mwishoni. Jilazimisheni kutaja vitu vinavyohesabika. "Mradi utawawezesha akina mama viziwi" ni sentensi ambayo msomaji ameshakutana nayo mara elfu. Linganisha na hii: "Kwa miezi 18, watafiti viziwi 6 watazungumza kwa lugha ya alama na wanawake 60 ili kujua safari ya kliniki inakatikia wapi na kwa nini, kisha watakaa na wakunga kupanga upya mapokezi." Ya pili inakuonyesha watu, kazi na mwisho wake.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wafadhili wa miradi ya usawa siku hizi wanauliza waziwazi ni nani aliyetunga swali la utafiti, na kama walioguswa na tatizo walikuwepo tangu mwanzo au waliitwa kujaza hojaji. Mwaka 1969 mtaalamu wa Marekani Sherry Arnstein alichora ngazi ya ushiriki wa wananchi yenye vidato 8, kuanzia kule watu wanakochezewa tu akili hadi kule wanakoshika usukani wenyewe. Kabla hamjaandika neno "shirikishi", jiulizeni mko kidato gani. Kama mko chini, rekebisheni mradi kwanza, andiko baadaye.

Hatua ya 2: Jueni milango ni ipi

Mlango wa kwanza ni fedha za umma za utafiti. Umoja wa Ulaya una Horizon Europe, mpango wa utafiti wa 2021 hadi 2027 uliotengewa awali takriban euro bilioni 95.5. Kanada ina IDRC, taasisi ya umma iliyoundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1970 ili kuunga mkono utafiti katika nchi zinazoendelea. Marekani ina taasisi mbili za serikali: NIH kwa utafiti wa afya na NSF kwa sayansi nyingine. Huku pesa ni nyingi na makaratasi pia ni mengi, kwa hiyo kikundi kidogo huingia zaidi kama mshirika wa chuo kikuu kuliko kama mwombaji mkuu. Marekani kuna pia PCORI, taasisi ya kufadhili utafiti wa matibabu iliyoanzishwa kisheria mwaka 2010, ambayo inataka wagonjwa na wanaowahudumia washirikishwe katika utafiti inaoulipia. Mahali kama hapo, kikundi cha wananchi kina kitu ambacho chuo hakina, na chuo kinakijua hicho.

Mlango wa pili ni taasisi binafsi. Wellcome ya London na Ford Foundation ya New York zote zilianzishwa mwaka 1936. Ya kwanza inajulikana kwa utafiti wa afya, ya pili imeelekeza nguvu zake kwenye kupambana na ukosefu wa usawa. Taasisi nyingi za aina hii hutoa sehemu kubwa ya fedha kwa mwaliko, hivyo kujuana kunatangulia kuomba.

Mlango wa tatu ndio ninaowashauri wadogo waanze nao: mifuko inayoongozwa na watu wa makundi yenyewe, au iliyoundwa kwa ajili yao. Kwa haki za wanawake kuna Mama Cash ya Amsterdam, tangu 1983, Global Fund for Women, tangu 1987, na African Women's Development Fund, tangu 2000. Disability Rights Fund, iliyoanza mwaka 2008, inafadhili mashirika ya watu wenye ulemavu katika nchi ilizozichagua, na watu wenye ulemavu wamo katika kuamua nani apewe. FRIDA, mfuko wa wasichana na vijana wanaotetea haki za wanawake, imewahi kwenda mbali zaidi: waombaji wenyewe husoma maombi ya wenzao na kuyapigia kura. Kiasi ni kidogo, lakini fomu ni fupi, na mara nyingi pesa yake inaruhusiwa kulipa hata kodi ya ofisi na mshahara. Kwa kikundi kinachoanza, ruzuku ndogo iliyohesabiwa vizuri ndiyo barua ya utambulisho kwa mfadhili mkubwa.

Tahadhari moja ambayo miongozo ya zamani haina. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, ikaacha rasmi kuendesha misaada hiyo. Ndani ya Marekani kwenyewe, NIH na NSF zilikatisha ruzuku nyingi, zikiwemo za utafiti unaohusu usawa. Kila orodha ya fursa iliyoandikwa kabla ya hapo ihakikiwe upya, kipengele kwa kipengele. Na kama mfadhili mmoja anabeba zaidi ya nusu ya bajeti yenu, anzeni leo kutafuta wa pili.

Hatua ya 3: Fuateni nyayo za pesa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi wanapoparuka. Tangazo la mfadhili linaeleza anachotaka kuonekana anakifanya. Rekodi za malipo zinaonyesha alichofanya.

Taasisi binafsi za ufadhili za Marekani zinalazimika kila mwaka kujaza fomu ya kodi iitwayo 990-PF, na fomu hiyo iko wazi kwa umma. Nonprofit Explorer, tovuti ya shirika la habari la ProPublica, inakuruhusu kuisoma bila malipo. Andika jina la taasisi, fungua fomu ya karibuni, ushuke hadi kwenye orodha ya ruzuku zilizolipwa. Utaona jina la aliyepewa, madhumuni na kiasi.

Tafuta mambo matatu. La kwanza ni ukubwa: pangeni kiasi kuanzia kidogo hadi kikubwa, mtazame kilicho katikati. Kama ruzuku nyingi ni za dola 20,000, ombi la dola 200,000 litaonekana kama mmekosea mlango. La pili ni sura mpya: linganisheni miaka mitatu. Kama majina ni yale yale kila mwaka, mlango umefungwa hata kama tovuti inasema karibuni. La tatu ni kisanduku kidogo ambacho taasisi hutia alama ikiwa inatoa kwa mashirika iliyoyachagua yenyewe na haipokei maombi yasiyoalikwa. Kikiwa na alama, msipoteze muda kuandika. Tafuteni mtu wa kuwatambulisha, au songeni mbele.

Uingereza kuna GrantNav, tovuti ya shirika la 360Giving, ambako wafadhili huweka takwimu za ruzuku zao na kila mtu anaweza kuzitafuta. Kwa misaada ya kimataifa kuna IATI, mpango wa uwazi ulioanzishwa mwaka 2008, ambao data yake inatafutika kupitia d-portal. Kuna pia kanzidata za wazi mtandaoni: miradi iliyolipiwa na Umoja wa Ulaya imo kwenye CORDIS, ya NIH imo kwenye RePORTER, na ya mabaraza ya utafiti ya Uingereza imo kwenye Gateway to Research. Candid, iliyozaliwa mwaka 2019 kwa kuunganishwa Foundation Center na GuideStar, ina hazina kubwa zaidi ya taarifa za wafadhili, ila sehemu yake nzuri ni ya kulipia. Ulizeni maktaba za umma na za vyuo kama zina usajili.

Kuna njia nyingine rahisi mno ambayo watu huisahau. Chukueni mashirika matano yanayofanya kazi kama yenu, msome kurasa za mwisho za ripoti zao za mwaka. Wafadhili wao wametajwa pale kwa shukrani. Kwa kikundi chetu cha viziwi, mashirika matano yanaweza kutoa majina kumi na tano, na majina hayo yana thamani kuliko orodha ya mia.

Yaingizeni kwenye jedwali: jina, ruzuku ya katikati, nani alipewa karibuni, tarehe ya mwisho, masharti, na mtu wa kumwandikia. Baada ya wiki mbili za kazi hii, kata. Wabaki watano au sita.

Hatua ya 4: Nyaraka kabla ya tangazo

Matangazo mengi yanatoa wiki sita au nane. Hazitoshi kuandika andiko na kutafuta cheti kwa wakati mmoja. Wekeni tayari katika folda moja: cheti cha usajili, katiba ya kikundi, majina ya viongozi, taarifa za benki zenye watia saini zaidi ya mmoja, hesabu za miaka miwili au mitatu, zilizokaguliwa kama zipo, na sera fupi za fedha na za ulinzi wa watoto na watu walio hatarini.

Kwa fedha za serikali kuu ya Marekani mnahitaji usajili kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali hiyo, na namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12, ambayo tangu Aprili 2022 imechukua nafasi ya namba ya zamani iitwayo DUNS. Usajili unahuishwa kila mwaka na unaweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa Umoja wa Ulaya ni namba ya utambulisho iitwayo PIC, yenye tarakimu 9. Zote ni bure. Anayewatoza kuwapatia namba hizo anauza kitu cha bure, na anayesema lipeni kwanza ndipo mpokee ruzuku ni tapeli.

Kikundi ambacho hakijasajiliwa kinaweza kupitia taasisi mlezi, yaani shirika lililosajiliwa linalopokea fedha kwa niaba yenu na kukata asilimia ya usimamizi. Ni njia halali na nzuri, mradi mkataba uwepo. Nilishuhudia taasisi mlezi ikikaa na fedha za kikundi kwa miezi mitano, watafiti vijana wakikopa nauli ili kazi isisimame, na hapakuwa na kifungu hata kimoja cha kuibana. Andikeni: makato ni asilimia ngapi, fedha zitolewe ndani ya siku ngapi baada ya kupokelewa, nani anamiliki data, na mkiachana mradi unabaki na nani.

Hatua ya 5: Mwandikieni mtu

Kama mfadhili anaruhusu maswali, ulizeni. Barua iwe fupi, ya kusomeka kwa dakika moja:

"Sisi ni kikundi cha viziwi 40. Tunapanga utafiti wa miezi 18, unaoongozwa na viziwi, kuhusu wajawazito viziwi wanaoacha kliniki. Tumesoma kwamba mwaka jana mlifadhili utafiti kama huu kwa watu wasioona. Tuna maswali mawili: je, mnalipia gharama za ukalimani kama sehemu ya utafiti, na je, kikundi kinaweza kuwa mwombaji mkuu huku chuo kikiwa mshirika?"

Maswali hayo hayapatikani kwenye tangazo, ndiyo maana yana haki ya kuulizwa. Swali ambalo jibu lake liko ukurasa wa pili wa mwongozo wa waombaji linawaharibia.

Hatua ya 6: Andikeni kwa kufuata kipimo

Wahakiki wana karatasi ya alama mbele yao. NSF hupima mambo mawili: ubora wa kisayansi na manufaa mapana kwa jamii. Katika miradi mingi ya Horizon Europe vigezo ni vitatu, yaani ubora, matokeo na utekelezaji, kila kimoja alama 5. Kwa kawaida mnatakiwa kupata angalau 3 kwa kila kimoja na jumla ya 10. Tumieni vichwa vya habari vile vile vilivyoko kwenye kipimo, kwa mpangilio ule ule. Mhakiki aliyechoka, mwenye maandiko ishirini mbele yake, asilazimike kutafuta jibu lenu.

Mahali pa kukaa zaidi ni mnyororo wa sababu: tukifanya hili, kile kitatokea, kwa sababu gani? Kikundi chetu kikisema ripoti itabadilisha kliniki, mhakiki atauliza, ripoti gani imewahi kubadilisha kliniki yenyewe? Lakini wakunga wakiwa wamekaa kwenye uchambuzi tangu mwezi wa 6, na mganga mkuu akiwa ameandika barua ya kukubali kujaribu mapokezi mapya, mnyororo umeshikana. Barua moja yenye ahadi mahususi inashinda barua kumi za "tunaunga mkono mradi huu".

Mpeni mtu asiyejua mradi asome, kisha mwambieni awasimulie kwa mdomo. Anapokwama ndipo penye kuandikwa upya.

Hatua ya 7: Bajeti

Nikipewa andiko la mradi wa usawa naanza na bajeti. Mara nyingi nakuta profesa analipwa, msaidizi wake analipwa, mshauri wa tathmini analipwa, halafu kwenye mstari wa wanajamii kuna "viburudisho". Watu wenye elimu ya tatizo lenyewe wanapewa soda. Mstari huo mmoja unakanusha kurasa zote zilizoutangulia.

Tujenge ya kikundi chetu. Watafiti viziwi 6 wanalipwa kwa siku za kazi, kiwango sawa na wasaidizi wa utafiti wanaosikia. Wanawake 60 wanaohojiwa wanalipwa nauli, malezi ya mtoto kwa saa hizo, na shukrani kwa muda wao. Wakalimani wanahitajika kila kikao ambacho wanaosikia na viziwi wanakutana, na kikao kirefu kinahitaji wakalimani wawili wanaopokezana, kwa sababu kazi hiyo inachosha. Halafu kuna gharama inayosahaulika kila mara: mahojiano ya lugha ya alama yanarekodiwa kwa video na lazima yatafsiriwe kuwa maandishi. Tuseme kila mahojiano ni saa 1, na kila saa inakula saa 6 za kutafsiri na kuhakiki. Hizo ni saa 360, yaani siku 45 za kazi za saa 8. Asiyeziweka kwenye bajeti atazilipa kwa usiku wa watu wake.

Fomu ya ridhaa nayo iwe video ya lugha ya alama. Iwekeeni fedha. Na wekeni fedha ya kurudisha matokeo kwa jamii, mkutano mzima wenye wakalimani, ndani ya bajeti tangu mwanzo.

Msione haya kudai gharama za uendeshaji: kodi, umeme, mhasibu, intaneti. Horizon Europe kwa kawaida inaongeza asilimia 25 juu ya gharama za moja kwa moja zinazokubalika, ukiacha kazi wanazopewa wakandarasi. Kanuni za serikali kuu ya Marekani, tangu Oktoba 2024, zinamruhusu mpokeaji asiye na kiwango alichokubaliana na serikali kudai hadi asilimia 15. Awali ilikuwa 10. Wengine wana ukomo wao, na wengine hawatoi kabisa. Ambapo hawatoi, gharama inayohusu mradi moja kwa moja iandikeni kama kifungu chake: "mhasibu, siku 2 kwa mwezi". Kikundi kinachoficha gharama zake ili kionekane cha bei nafuu kinajichosha hadi kinakufa, na mara nyingi kinakufa katikati ya mradi.

Kila namba iwe na maelezo: idadi mara siku mara kiwango. Na kama ruzuku inakuja kwa sarafu tofauti na mnayotumia, ulizeni mapema hasara ya kubadilisha fedha inabebwa na nani.

Hatua ya 8: Maadili na data

Utafiti unaohusu watu unahitaji kibali cha kamati ya maadili, na kibali kinaweza kuchukua miezi. Kikundi kisicho na kamati hupitia chuo mshirika. Lakini kibali hakimalizi swali la nani anamiliki hadithi za watu. Mwaka 2017 Wasan, jamii ya asili ya Afrika Kusini, waliochoshwa na watafiti waliokuja, wakachukua na kupotea, walitoa kanuni zao za maadili, zilizojengwa juu ya heshima, uaminifu, haki, kujali na utaratibu. Wao ndio wanaoweka masharti. Nanyi fanyeni hivyo: makubaliano ya maandishi na chuo kuhusu nani anahifadhi video, nani anaruhusu zitumike tena, na majina ya watafiti wa jamii yatakaa wapi kwenye chapisho.

Hatua ya 9: Baada ya kutuma

Mtakataliwa. Tajiri wa Marekani MacKenzie Scott alipofungua mlango wa maombi kwa mashirika ya Marekani mwaka 2023, mashirika 6,353 yaliomba. Machi 2024 yakatangazwa 361 yaliyogawana dola milioni 640. Ni chini ya 6 katika kila 100, na wengi walioachwa walikuwa wazuri. Wafadhili wengine wamekubali kwamba wahakiki hawawezi kutenganisha kwa haki maandiko yaliyolingana: Health Research Council ya New Zealand tangu 2013, na British Academy tangu 2022, zimetumia bahati nasibu kwa baadhi ya ruzuku, kati ya maombi yaliyokwisha kufikia kiwango. Kwa hiyo ombeni maoni ya wahakiki, yasomeni baada ya siku tatu hasira ikishapoa, mrekebishe lililo kweli, mpeleke kwa wa pili kwenye jedwali lenu.

Mkipewa, someni mkataba kabla ya kushangilia. Tafuteni kifungu cha kusitisha: notisi ni siku ngapi, na gharama mlizokwisha kujifunga nazo zitalipwa? Kilichotokea 2025 kimefanya kifungu hicho kiwe cha kwanza kusomwa. Tafuteni pia ratiba ya malipo. Ruzuku inayolipa baada ya kutumia inahitaji kikundi chenye akiba; kama hamna, ombeni malipo ya awali kabla ya kusaini.

Mali bila daftari hupotea bila habari: stakabadhi zipigwe picha siku ile ile, na matumizi yalinganishwe na bajeti kila mwezi. Ikionekana mtavuka kifungu, mwandikieni mfadhili kabla hamjavuka. Maofisa wengi wanakubali kuhamisha fedha kati ya vifungu wakiombwa mapema, na wachache sana wanasamehe wakigundua wenyewe.

Ripoti ya mwisho msiiandike peke yenu ofisini. Fanyeni kwanza ule mkutano mliouwekea fedha, wanawake waliohojiwa wawe mstari wa mbele, mkalimani akiwa anaonekana vizuri, wayaone matokeo na waseme pale mlipowaelewa vibaya. Rekebisheni. Ndipo itumwe kwa mfadhili, pamoja na ukurasa mmoja wa awamu inayofuata.